Kabla Hujaitwa Sarah

Nafuna mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko barazani kwa Mama Aisha unasukwa, na kila akikaza mkono unapiga ukelele kama mtu anayeng'olewa jino, kisha mnacheka wote wawili. Ameniambia kazi hiyo itamchukua mpaka magharibi. Nimeshukuru kwa nywele zako nyingi, kwa sababu nina maneno ya kukuandikia, na sitaki uingie humu ndani unikute nalia juu ya daftari lako la hesabu. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Nimezichukua bila ruhusa.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu. Jumatatu nilianza, nikasema, "Nafuna, keti hapa kidogo," ukaketi, ukaniuliza chumvi iko wapi, na ujasiri wangu wote ukaishia kwenye chumvi.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichogombezewa nacho utotoni, na ndicho nilichokugombeza nacho wewe. Babu yako alikuwa askari magereza, na katika zile nyumba za askari kulikuwa na watu wa kila kabila, kwa hiyo watoto tulilelewa kwa Kiswahili. Baba yangu tulimwita Afande hadi alipokufa. Jioni alikuwa anatuhesabu kama wafungwa, na ukikosekana, chakula chako kinaliwa. Hapa Walukuba, katika mji huu wa Jinja, majirani walinicheka sana, wakisema hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi. Nikawaambia mimi si mwanajeshi. Wakacheka zaidi.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Kuchemsha maji, kuficha nauli, kutokula kwa watu ovyo, hayo unayajua, na yale usiyoyajua, Mbale unakokwenda kesho itakufundisha. Mimi nimechoka, mwanangu. Mtu aliyechoka akipata jioni moja ya kusema, inabidi achague neno. Nimechagua moja tu. Ni kuhusu kile cheti kilichomo ndani ya begi lako.

Unanijua kama Topista. Mtaa mzima unanijua hivyo, au kama Mama Nafuna. Lakini kule kiwandani hakuna mtu hata mmoja anayemjua Topista. Kule, kwa miaka ishirini na miwili, niliitwa Harriet.

Najua unafahamu kipande cha habari hii. Ulikuwa unasikia wenzangu wa kazi wakipita hapa mlangoni wakiita "Harriet! Tunachelewa!" nawe ukiwa mdogo uliniuliza, nikakwambia ni jina la utani. Nilikudanganya. Harriet lilikuwa jina la dada yangu, marehemu mama yake Sarah.

Ilikuwa hivi. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinaandika wanawake kwenye mashine za kusokota uzi, nao walitaka cheti cha kidato cha nne. Mimi niliachia kidato cha pili, Afande alipostaafu. Harriet alimaliza, akafaulu, halafu akaolewa na Mafabi kule Wanale akaenda kulima vitunguu. Cheti chake kilikuwa kimefungwa kwenye nailoni chini ya godoro. Siku moja akanishukia na kuku mmoja na hicho cheti. Akasema, "Chukua, mimi vitunguu havinidai cheti." Tukacheka sana. Hatukuona kosa lolote. Kila mtu pale kiwandani alikuwa na namna yake ya kuingia. Kulikuwa na kijana mmoja wa idara ya rangi aliyefanya kazi kwa jina la binamu yake, na siku binamu mwenyewe naye alipopata kazi pale pale, kukawa na watu wawili wenye jina moja. Msimamizi akawaita wa Kwanza na wa Pili, basi, mambo yakaendelea.

Ulipozaliwa, kliniki ya kiwanda ndiyo iliyotupokea. Kadi yako ya kwanza ya chanjo imeandikwa kwamba mama yako ni Harriet Nambozo. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake Sudan, hakuna aliyeuliza. Niliitazama ile kadi, wewe uko kifuani, nikahisi kitu kikinichoma. Nikakiacha kipite. Nilikuwa na mtoto, na kazi ilikuwa na mshahara kila mwisho wa mwezi.

Kila mwezi walikata. Kwenye karatasi ya mshahara palikuwa na mstari wa mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Mimi na wenzangu tuliuita mstari wa wizi. Tulisema, kata tu, hiyo hatutaiona. Kumbe ule ndio ulikuwa mstari pekee uliokuwa upande wangu, na nilikuwa nimeuandikisha kwa mtu mwingine.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Miaka michache iliyopita, ofisi ya kiwanda ilitangaza kwamba mfuko unataka kila mfanyakazi alete namba ya kitambulisho cha taifa, ili majina yalingane. Karani wa mishahara, Bwana Harish, yule mzee Mhindi mwenye miwani ya kamba niliyekuwa nakusimulia, alisimama mbele yetu kwenye uwanja wa kula. Akasema kwa upole, "Mwenye tatizo la jina, aje kwangu wiki hii. Tutarekebisha kimya kimya. Wiki hii tu." Alisema wiki hii mara mbili. Na macho yake, Nafuna, haki ya Mungu, yalikuwa kwangu.

Sikwenda. Niliogopa kufukuzwa. Nilikuwa nakulipia wewe ada, na paa hili lilikuwa linavuja. Nikapanda gari mpaka Mbale, nikapanda mlima mpaka kwa Harriet, nikamwomba kitambulisho chake, nikakitoa nakala, nikaipeleka kiwandani. Namba yake, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa. Nikarudi kwenye mashine nikiona nimekuwa mjanja sana. Kitambulisho changu mwenyewe, chenye uso wangu na jina langu, kilikuwa kabatini chini ya mashuka.

Halafu Harriet akafa.

Ulikwenda maziko, unakumbuka mvua ile na njia ya utelezi. Jambo usilolijua ni namna nilivyopata ruhusa ya kazi. Ningemwambiaje msimamizi kwamba Harriet amefariki, naye Harriet amesimama mbele yake na aproni? Nikasema, "Dada yangu amefariki." Akauliza, "Pole sana, jina lake?" Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Topista."

Wenzangu walichanga. Waliniletea bahasha, na juu yake mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika: Pole dada Harriet kwa kifo cha mpendwa wako Topista. Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikakaa na ile bahasha. Nimelia vilio vingi katika maisha yangu, lakini kile sikijui ni cha nani. Nilikuwa namlilia dada yangu au nilikuwa najililia mimi mwenyewe? Mpaka leo sijui. Pesa zake tulinunulia sukari ya matanga.

Mafabi, mtu wa utaratibu, akaandikisha kifo cha mkewe. Akapata cheti cha kifo. Hakufanya kosa, ndivyo inavyotakiwa.

Miezi minne baadaye kiwanda kikapunguza watu. Tuliitwa kwa majina, mmoja mmoja, tukapewa barua. Ulikuwa kidato cha tatu. Nilirudi nyumbani saa nne asubuhi, ukaniuliza kama ninaumwa.

Nikuambie nilivyokuwa mjinga wa mambo haya, ili wewe usiwe. Mimi nilidhani mtu akikosa kazi, Serikali inampa kitu. Nilikuwa nimesikia redioni habari za Ulaya, mtu anafukuzwa kazi, anajiandikisha, analipwa kila mwezi huku akitafuta nyingine. Nikasema, na sisi si watu? Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya kuthibitisha kwamba sina kazi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mama Nafuna, nikianza kuandika barua hizo, Walukuba nzima itapanga foleni hapa na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza."

Yule yule ndiye aliyenieleza. Hapa kwetu kukosa kazi peke yake hakukupi kitu. Kilichopo ni akiba yako mwenyewe, ile waliyokukata na ile mwajiri aliyoongeza. Nayo ina milango yake. Kuna mlango wa uzee. Kuna wa kilema. Na kuna mmoja uliokuwa wangu hasa: ukishatimiza miaka hamsini, na umekaa mwaka mzima bila ajira, unaruhusiwa kwenda kuidai kabla ya uzee. Nilikuwa na hamsini yangu kamili. Kilichobaki ni mwaka.

Basi nikangoja mwaka. Watu wanangoja mtoto miezi tisa na wanachoka, mimi nilingoja mwaka wa kukosa kazi uishe. Nilinunua mukene, hizi dagaa za ziwani, kule Wanyange, nikazianika, nikaziuza hapa mlangoni kwa vikombe, na wewe ukawa unalalamika kwamba sare yako inanuka samaki wadogo. Mkuu wa shule yako nilimwambia, "Pesa ya mtihani ipo, inakuja, kuna ofisi inayoniwekea." Nilimwambia hivyo muhula wa kwanza. Nilimwambia hivyo muhula wa pili. Alinisubiri, mama wa watu, kuliko alivyotakiwa.

Mwaka ulipotimia nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda mjini, kwenye ofisi ya mfuko. Nilibeba barua ya kuachishwa kazi, karatasi za mishahara za miaka yote kwenye mfuko wa sukari, na ile nakala ya kitambulisho cha Harriet. Nilikuwa nimejizoeza jina lake njiani kama mtoto anayekwenda mtihani, mimi niliyeliitika miaka yote ile!

Kwenye kaunta alikuwapo binti mmoja mpole, kama wa umri wa Sarah. Aliandika ile namba kwenye kompyuta yake. Akatazama. Akaandika tena. Akaniambia, "Mama, karibu uketi." Nikajua. Mtu hakwambii uketi kwa habari njema.

Akasema, "Mama, huyu mwanachama amefariki."

Akaendelea kunieleza taratibu, akidhani mimi ndiye mfiwa, na kweli nilikuwa mfiwa. Akasema akiba ya marehemu inalipwa kwa warithi, mume na watoto, waje na cheti cha kifo na barua ya ndoa. Akaniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nikasema, "Ni dada yake." Akasema, "Pole sana, mama. Dada hayupo kwenye mstari wa kwanza."

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi ya duka la vitambaa. Siku ile niliielewa hali yangu. Kwa karatasi, mimi niliyefanya kazi nilikuwa nimekufa. Na mimi niliye hai sikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Mwaka wangu wa kukosa ajira haukuwa na maana, kwa sababu Topista hakuwa na ajira ya kukosa.

Nikafikiri, bado kuna Mafabi. Nikapanda Wanale nikamweleza. Alinipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mkono wake, mgane yule. Wiki iliyofuata akashuka hadi Jinja, tukaenda pamoja, mimi nikabaki nje. Alikuwa na vyeti vyote. Nikawa nahesabu vigae vya ukuta. Akatoka baada ya muda mfupi, kofia mkononi.

"Wamenionyesha picha," akasema. "Picha iliyo kwenye faili, ile uliyopigwa kiwandani. Wakaniuliza, huyu ndiye marehemu mkeo?"

"Ukasemaje?"

"Nilisema hapana."

Nilimfokea, Nafuna. Nilimfokea shemeji yangu njiani mchana kweupe, boda boda wote wakasimama kutazama. Nilimwambia neno moja tu lingeniokoa, neno dogo, ndiyo. Alisubiri nimalize. Akasema, "Topi, mimi nilimzika Harriet kwa mikono hii. Siwezi kukuangalia wewe nikasema ndiye." Akapanda gari lake akarudi Mbale. Sikuongea naye miezi mingi. Nilimwona mwoga. Sasa hivi, ninavyoandika, naona kwamba katika habari hii yote yeye ndiye mtu pekee aliyekataa kutumia jina la mtu.

Siku ya mwisho ya kuandikisha mtihani ilipita wiki ile ile. Unakumbuka ulivyorudi na begi, ukaliweka chini pole pole, ukasema, "Haidhuru, Mama." Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ungevunja sahani ningepona. Ile haidhuru yako bado inaniamsha.

Sasa unaelewa ninachotaka kusema. Ulikosa cheti kwa sababu mama yako alitumia cheti cha mtu. Sikuwahi kukwambia hivyo. Nilisema ofisi imechelewesha. Ofisi haikuchelewesha kitu. Ni mimi. Nisamehe.

Kisha Sarah akapiga simu kutoka Uarabuni, na ile sauti yake ya furaha. Amepata habari ya kiwanda cha sabuni kule Mbale, wanataka watu wa mashine, kidato cha nne. "Mama mdogo," akasema, "cheti changu kinaoza tu sandukuni, huku ninaosha vyombo, hakuna anayekiuliza. Nafuna akichukue." Wewe uliruka kwa furaha mpaka ukagonga taa. Mafabi akakileta mwenyewe, kimefungwa kwenye nailoni. Nadhani ni nailoni ile ile. Akaniuliza, bila kunitazama usoni, "Shemeji, una uhakika?"

Ndipo nikasema, "Itafaa."

Mimi! Kwa mdomo huu! Nimejiuliza wiki mbili sasa kwa nini. Jibu ni kwamba nilichoka. Nilichoka kukuona ukianika mukene. Uchovu mbaya hauko mgongoni, mwanangu, huo ukilala unapona. Ni ule wa kukufanya useme itafaa juu ya jambo unalojua halitafaa, ili tu siku hiyo iishe. Jihadhari nao kuliko wanaume.

Ingebaki hivyo, na kesho ungekwenda kuwa Sarah, kama si Alhamisi iliyopita. Nilikuwa napeleka mukene kwa mteja upande wa mjini, nikamkuta Bwana Harish ameketi nje ya duka la mwanawe. Amezeeka. Miwani bado ina kamba. Nikampita nikiwa nimeinama, kwa aibu ya beseni kichwani. Akaita, "Topista!"

Niligeuka kabla sijajua ninageuka.

Akacheka, akapiga goti lake. Akasema, "Ahaa! Siku yako ya kwanza kiwandani nilikuita Harriet mara tatu mbele ya meza yangu. Hukugeuka hata mara moja. Halafu rafiki yako aliyekusindikiza akasema kutoka mlangoni 'we Topista,' ukageuka kama upepo. Nilijua siku hiyo hiyo."

Nikamuuliza, "Bwana, mbona hukusema?"

Akavua miwani. "Nilidhani ninakusaidia kwa kunyamaza," akasema. "Ulikuwa unahitaji kazi. Baadaye nilisema wiki hii, wiki hii, nikakutazama wewe. Nilipaswa kuja mpaka mashineni kwako nikakushika mkono."

Nikamweleza yote, pamoja na la Harriet, pamoja na la bahasha. Alisikiliza, akaniletea chai. Akaniambia kwamba mlango haujafungwa kabisa, ila ni mwembamba. Niape mbele ya wakili, nipeleke barua ya mwenyekiti wa mtaa, Mafabi athibitishe kwamba mkewe alikuwa mkulima na hakufanya kazi Jinja, na mtu wa kiwandani aseme yule aliyekaa kwenye mashine ni nani. Hicho cha mwisho, akasema, atakifanya yeye, akiwa bado ana pumzi. Picha ya faili ni yangu. Alama za vidole wataniwekea upya. Lakini akanionya pia, hakunificha: kutumia cheti cha mtu ni kosa la sheria. Wanaweza kusamehe, wanaweza kusumbua, wanaweza kunipeleka polisi. Na pesa yenyewe inaweza isitoke.

Nilirudi nyumbani nikakukuta umevaa blauzi mpya mbele ya kioo, unajizoeza. "Naitwa Sarah. Jina langu Sarah." Ulikuwa unacheka peke yako. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni tupu.

Nafuna, sijakitoa cheti ndani ya begi lako. Nilikitoa mara mbili, mara mbili nikakirudisha. Nimekuamulia mambo mengi vibaya, hili nakuachia. Kiko palepale, kwenye mfuko wa pembeni. Kando yake nimeweka kitambulisho chako, na matokeo yako ya darasa la saba, yale mazuri uliyonionyesha kwa fahari, na hii barua.

Nimempigia Mafabi jana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpigia mimi mwenyewe tangu siku ile ya ofisini. Ameuliza getini kule kwenye kiwanda cha sabuni. Wasio na cheti wanachukuliwa kufagia na kufunga katoni. Mshahara ni mdogo kuliko wa mashine, sikudanganyi, ni mdogo sana, na utafagia chini ya msichana ambaye huenda ana akili nusu ya zako. Itakuuma. Lakini ukiajiriwa, hata kwa ufagio, waulize siku ya kwanza kama wanakukatia akiba, na uone kwa macho yako jina lililoandikwa. Mtihani unaweza kuufanya ukiwa mkubwa, watu wazima wanajiandikisha wenyewe. Mafabi amesema utalala kwake na chakula hatakuhesabia. Amesema, "Mwambie aje akiwa nani anataka, lakini humu ndani Sarah ni binti yangu mmoja tu."

Ukichagua kuwa Sarah, mimi bado ni mama yako, na sitasema nilikuonya. Nitajua tu ulichoka mapema kuliko mimi, na nitajua ni nani aliyekuchosha.

Mama Aisha anaita, anataka maji ya moto ya kuchovya ncha za nywele. Amemaliza kabla ya magharibi, mwongo yule. Acha nifunge.

Kesho nitakusindikiza mpaka gari liondoke. Usishangae ukiniona nimevaa gauni la kanisani, sitakuwa nimelivaa kwa ajili yako. Nikishakupungia mkono nitavuka barabara. Bwana Harish atakuwa ananingoja na wakili, na kutoka hapo tutakwenda kwenye ofisi ile. Naogopa. Nimekula ugali wa mchana hauna ladha. Wanaweza kunipa, wanaweza kuninyima, wanaweza kunifunga. Ila safari hii binti wa kaunta akiniuliza marehemu alikuwa nani yangu, nitamjibu. Na akiuliza aliyefanya kazi ni nani, nitamjibu hilo pia. Kisha nitakaa kwenye benchi kama watu wengine, nisubiri kuitwa.

Wakiita jina langu, nitageuka.

Nawe huko getini, wakiita, geuka mara ya kwanza.

Mimi mama yako,
Topista Khainza